Sauti ya Mama Asnati

Siku hiyo mjinga alikuwa Ntandu, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Mwenyewe hukiri siku hizi, tena kwa kicheko, akishaongeza sukari kwenye chai: "Kata nzima ya Mwando ilikuwa na akili zake. Mimi zangu nilikuwa nimeziazimisha."

Alijifunga shuka tumboni, akajipinda kama mundu, akaenda kupanga foleni mbele ya lile lililokuwa ghala la alizeti, ambako sasa kila mtu anakuita kwa Tabibu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Tumbo lake lilikuwa limetoka kupokea ugali na mlenda, na bila shaka lilishangaa linasingiziwa nini.

"Ntandu, na wewe leo?" aliuliza Bi Kidawa, muuza vitunguu, aliyekuwa mbele yake.

"Tumbo, shangazi. Linakata kama msumeno."

"Pole mwanangu. Si ungemwambia mkeo hukohuko nyumbani, ukaokoa foleni?"

Foleni nzima ikacheka. Ntandu naye akacheka, lakini kwa meno ya mbele tu.

Huo ndio uliokuwa utani wa msimu. Tabibu ilikuwa mashine, sanduku la chuma na kioo lenye ukubwa wa kabati la vyombo, lakini ilisema kwa sauti ya Mwasiti, Mama Asnati, mke wa Ntandu wa ndoa. Watu wa Mwando hawakuchelewa. "Ntandu kaoa wawili," walisema, "mmoja wa nyama na mmoja wa bati, na wa bati ndiye asiyenuna."

Zamu yake ilipofika aliingia, akafunga pazia, akakaa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na bamba la shaba lililopashwa moto kidogo, la kuwekea kiganja. Bamba hilo hupitisha mwanga ndani ya ngozi likasoma damu bila kuichukua, na kando yake kuna mrija wa kupulizia pumzi, maana kila ugonjwa una harufu yake hata kama pua zetu haziijui.

"Karibu, ndugu yangu," ilisema sauti. "Kaa upumue kwanza. Jua la leo halina adabu."

Nywele za Ntandu zilisimama. Haikuwa sauti inayofanana na ya Mwasiti. Ilikuwa yenyewe, na ule ukwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno, na ule mvuto wa pumzi kabla ya kucheka.

"Za kwako?"

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na shughuli?"

"Zinakwenda."

Hapo sauti ilinyamaza. Haikuharakisha. Ilingoja kama mtu aliyekushikia kikombe mpaka upate pa kukaa, na katika kimya kile Ntandu alihisi kwamba akiambiwa neno moja zaidi la upole, atalia kwa ajili ya tumbo ambalo haliumwi.

"Tumbo," alisema kwa ukali.

"Pole sana. Limeanza lini?"

"Tangu ulipokuja kata hii."

"Basi tumefika pamoja, mimi na tumbo lako. Weka kiganja, tulisikilize."

Aliweka. Bamba likamkumbatia vidole kama mkono wa mtu.

"Mimi unanijua?" aliuliza.

"Bado. Ukitaka kunipa jina nitakuita kwa jina. Usipotaka, nitazungumza na tumbo."

"Na mumeo anasemaje, ukiwaita wanaume wote 'ndugu yangu' kwa sauti hiyo?"

"Mimi sina mume. Nina sauti niliyopewa na mtu mwema." Bamba likasoma kiganja. "Tumbo lako halina neno, ndugu yangu. Lakini moyo unakimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Kuna jambo linakukera?"

Ntandu aliinuka, akalivua shuka tumboni kwa hasira hata likanasa kwenye kigoda, akatoka nje akijikwaa. Na nani aliyekuwa amesimama pazia linapofunguka? Fundi Labani, mshona nguo, mjane wa kiume, kidevu kimenyolewa, nywele zimepakwa mafuta, na shati la mikono mirefu lenye mistari ya pasi ambayo ungeweza kukatia kitunguu.

"Umemaliza na shemeji?" aliuliza Labani akitabasamu. "Umeniachia wa kunitosha?"

Utani wa kawaida, wa mashemeji. Siku nyingine Ntandu angemrudishia mara mbili. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake, akachukua kipaza sauti, kile kilichotangaza misiba yote, mikutano yote na mbuzi wote waliopotea Mwando, akakielekeza kwenye foleni.

"Tangazo! Tangazo! Wananchi mnaombwa utulivu! Fundi Labani, kwa mara nyingine tena wiki hii, yuko faragha na mke wa mtu! Shati limepigwa pasi! Nywele zinang'aa! Wenye wake zenu, wafungieni!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Hapo ndipo penye mtego wa kicheko: mchekeshaji hudhani ameshinda. Ntandu alikuwa bado anainama kupokea sifa alipomwona Bi Kidawa, aliyekwisha kutoka na kubaki kungoja mwenzake, akimvuta yule mwenzake kando. Wakanong'onezana. Kisha mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni akakumbuka ameacha sufuria jikoni. Kijana mmoja akakumbuka simu. Mtu wa mwisho kukumbuka alikuwa Labani mwenyewe, aliyekuwa ameshaushika ukingo wa pazia. Aliuachia polepole, akageuka, akaondoka bila kumtazama mtu, na mistari ya pasi mgongoni mwake imenyooka vilevile.

*

Juu ya paa la ghala ilisimama nguzo ya kioo, na ndani yake taa. Kila nyumba iliyofika kwa Tabibu kwa hiari yake iliisukuma taa juu kidogo. Nyumba ikiacha kuja, taa hushuka. Karibu na kilele palikuwa na pete ya kijani, na hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya jambo zima. Sheria ya Tiba Jirani ilisema hivi: kata itakayofikisha taa kwenye pete kabla ya mavuno ya alizeti itabaki na Tabibu wake milele. Isipofikisha, sanduku litapakiwa kwenye gari na kupelekwa kata inayofuata, maana wanaosubiri ni wengi, na mashine isiyotumiwa ni kabati tu.

Sheria yenyewe ilipitishwa zamani, kwa vigelegele. Lakini kutoka Dodoma hadi Mwando sheria hutembea kwa miguu, na njiani hupitia ofisi nyingi zenye viti vya kupumzikia. Miaka ikapita, wagonjwa wa Mwando wakabebwa kwa vitanda vya kamba hadi hospitali ya ng'ambo ya bonde, wengine wakirudi kwa kitanda hichohicho wakiwa wamefunikwa uso.

Aliyeichokonoa sheria itembee alikuwa Ntandu. Hilo apewe, hata na maadui zake. Ndiye aliyebuni kwamba kila kikao cha halmashauri kinapokaa, watu wa Mwando wabebe kitanda cha kamba kitupu, kimetandikwa shuka jeupe, wakakiweke mlangoni pa ukumbi. Hawakutukana, hawakurusha jiwe. Waliketi kando ya kitanda kama watu waliofiwa, na kila diwani akiingia alilazimika kukizunguka. Ntandu alisimama na kipaza sauti chake: "Mheshimiwa, pole kwa msiba. Marehemu bado hajapatikana, lakini tunakuja na kitanda kila mara ili tusichelewe." Wakafukuzwa, wakarudi. Akawekwa ndani, akatoka akiwa amewafundisha mahabusu wimbo wa kitanda. Mwishowe madiwani wakachoka kuzunguka, Tabibu akaletwa.

Ikabaki sauti.

Mashine za kwanza kabisa zilikuwa zimesema kwa sauti moja ya mji mkuu, safi kama maji ya chupa. Ziliharibikia kwenye salamu. Zilimuuliza mgonjwa hali, mgonjwa akajibu nzuri, kama alivyolelewa. Zikaandika nzuri, zikaagana naye. Hakuna aliyeziambia kwamba huku kwetu mtu hujibu nzuri, salama na wazima kwanza, ndipo baada ya kimya aseme "ila". Ugonjwa wote uko nyuma ya hiyo ila. Wataalamu wakajifunza kwa makaburi ya watu. Ndipo wakaamua kila Tabibu apewe sauti na subira ya mtu wa palepale, atakayechaguliwa na watu wenyewe kwa swali moja, aliloulizwa kila mkubwa wa nyumba akiwa peke yake: ukikuta damu kwenye mkojo wako, utamwambia nani kwanza?

Ntandu alishanunua dawa ya koo. Alifanya mazoezi ya "karibu, mgonjwa" mbele ya kioo. Nani mwingine? Sauti gani ilijulikana Mwando kuliko yake?

Hakutajwa na mtu hata mmoja. Mzee mmoja wa karibu na kisima alieleza kwa wema kabisa: "Ntandu nampenda kama mwanangu. Lakini ukimwambia una damu kwenye mkojo, kabla hujafunga zipu kata nzima inakupa pole."

Walimtaja Mwasiti, msusi, aliyekaa na vichwa vya watu magotini kutwa nzima akiwa kimya.

*

Jioni ya siku ile ya tangazo alimkuta Mwasiti barazani, anamalizia kichwa cha jirani kwa mtindo wa twende kilioni. Aliagana na mteja wake, akakung'uta nywele kwenye chanuo.

"Nimelisikia tangazo lako," alisema. "Betri ya kipaza sauti imepona."

"Ulikuwa utani."

"Naam."

"Watu walicheka, Mama Asnati."

"Niliwasikia pia." Akaelekeza kidevu juu ya mapaa. Kutoka pale barazani taa ya Tabibu ilionekana vizuri, na badala ya kuikaribia pete kama jana ilikuwa imeshuka kwa kiasi ambacho hata mtoto angekiona. "Wamecheka, wakaenda zao."

Ntandu alikaa kwenye ngazi. Alikuwa amekusudia kuomba radhi, ila mdomo wake una mazoea ya kutangulia.

"Labani anakwenda pale mara ngapi kwa wiki? Mtu mzima, hana homa, hana jeraha, anajipaka mafuta kwenda kuongea na bati! Kwa nini?"

"Sijui."

"Hujui? Si sauti yako?"

"Ni sauti yangu, si masikio yangu. Yanayosemwa pale yanabaki pale, hayanifikii. Wewe ndiye uliyesimama uwanjani ukawaeleza hivyo watu, kwa kipaza sauti."

"Na wewe ulikubali upesi! Walipokuja na kile kinasa sauti chao hukuniuliza hata mara moja. Nani aliyebeba kitanda? Nani aliyelala ndani?"

Mwasiti aliweka chanuo chini.

"Ulibeba wewe, na nilijivuna. Siwema, dada yangu, alikwenda ile hospitali ya ng'ambo enzi za sauti ya chupa. Ikamuuliza hali. Akasema sijambo. Akarudi nyumbani akanisimulia anacheka, imeniambia niko salama, mdogo wangu, imenipa na kwa heri. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Walipokuja na kinasa sauti nikawaza, kumbe kinachotakiwa ni mtu wa kungoja tu? Kungoja najua."

Hilo lilikuwa jibu la kutosha. Lakini wivu hauhitaji jibu, wivu unahitaji mahali pa kukaa tu, na alikuwa ameupa kigoda kizuri kabisa kifuani. Usiku kucha aliisikia ile "karibu, ndugu yangu". Kilichomuuma si kwamba wanaume wanaambiwa vile. Kilichomuuma ni kwamba pale ndani, akiwa mgonjwa wa uongo, na yeye aliambiwa.

*

Taa iliendelea kushuka. Alizeti zikainamisha vichwa, kunguru wa bati wanaoruka kwa mashine wakaanza kuzunguka mashambani kufukuza ndege, na vipepeo vya dawa, mashine ndogo za namna hiyohiyo, ambavyo awali vilitua paani pa ghala kila asubuhi na vidonge tumboni, sasa vilikuja mara chache. Ntandu alijitia kazini. Alizunguka nyumba kwa nyumba bila kipaza sauti, akibisha hodi kama muuza mafuta ya taa.

"Tutakuja," walimwambia kwa heshima. "Tutakuja, Baba Asnati."

Bi Kidawa peke yake ndiye aliyemweleza ukweli, akimenya kitunguu. "Mwanangu, mwanamke mwenye mume akisemwa uwanjani na mumewe, sisi wengine tunafanyaje? Ukiingia pale unaonekana unamsaidia kumwaibisha. Mwenye mke hataki. Na mwenye mke asipotaka, hodi haipigwi."

Kwa hiyo dawa ya jambo lile ilikuwa mdomoni mwa Ntandu mwenyewe. Tangazo moja tu: nimeridhia, piteni. Alilijua hilo tangu siku ya pili. Kila asubuhi aliichaji betri, akapanda baiskeli, akakifikisha kipaza sauti mdomoni, kisha akatangaza mbuzi.

Siku ya soko aliona mlango wa Labani umefungwa. Fundi kufunga mlango siku ya soko ni sawa na jogoo kukaa kimya alfajiri. Akachukua suruali iliyochanika, ili apate kisingizio, akabisha.

Labani alifungua akiwa na shati lililokunjamana. Ntandu hakuwahi kumwona hivyo. Mabega yalikuwa yameingia ndani ya shati kama yanatafuta kitu yalichokidondosha. Alipoanza kusema "karibu", kikohozi kilimkata, kikamkunja juu ya cherehani, na kitambaa alichokishika mdomoni alikikunja haraka kabla ya Ntandu kukiona rangi. Aliiona.

"Tangu lini?" aliuliza Ntandu.

"Tangu masika. Tabibu aliugundua ugonjwa wa mapafu kwa pumzi. Dawa zake si za kupewa mfuko mzima ukaenda nazo, bamba husoma damu, ndipo kipepeo kinaagizwa kipimo cha siku chache. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda na kurudi."

"Na hilo shati la pasi? Na mafuta?"

Labani alicheka, akajutia kucheka, akakohoa. "Mtu aliyependeza haulizwi njiani kama anaumwa. Nani angeniletea kitambaa chake, akijua ninakikoholea?"

"Mbona hukuniambia mimi, Labani? Tumekua pamoja!"

"Nikuambie wewe?" Labani alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe si una betri?"

Ntandu alitafuta pa kuweka ile suruali.

"Rudi kwa Tabibu. Leo. Nitakusindikiza."

"Sirudi. Mimi wangesema napenda mke wa mtu ningevumilia, ni sifa tu hiyo kwa mjane. Lakini hawanisemi mimi, ndugu yangu. Wanamsema yeye. Nikipita pale watoto wanaimba jina lake. Basi nimejiweka kando mpaka maneno yapoe."

"Utakufa kabla hayajapoa."

"Huenda."

Ntandu alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, hawezi kuipanda. Ungetegemea wivu umtoke mtu wa namna hiyo, umwagike njiani kama maji ya debe bovu. Haukumtoka. Ulibadilisha kiti tu. Mtu mwingine, mgonjwa, asiye na haki yoyote kwa Mwasiti, alikuwa amelilinda jina lake kwa mapafu yake mwenyewe, na yeye mume alikuwa amelirusha uwanjani apate kuchekwa.

*

Bi Veridiana, mratibu kutoka wilayani, alifika na gari refu lisilo na dereva, tupu nyuma, kamba za kufungia sanduku zimeshakunjuliwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kusikitika na mzito wa kubembelezwa. Mkutano ulikaa mbele ya ghala. Juu ya paa taa ilikuwa imeshuka hadi karibu na nusu.

"Sikuja kwa furaha," alianza. "Hata mimi kitanda chenu nimekizunguka, nilikuwa karani wakati ule. Lakini sheria ndiyo hii. Kuna mlango mmoja bado. Kama watu waliacha kuja kwa sababu ya shaka juu ya sauti, na mwenye sauti na wa nyumbani kwake wakithibitisha hadharani kwamba hawana kinyongo, naruhusiwa kuwaongezea muda hadi mvua. Mama Asnati?"

"Mimi nimeridhia," alisema Mwasiti kutoka upande wa wanawake. "Tangu mwanzo."

"Mumewe?"

Ntandu alisimama. Tuseme haki: alikuja akiwa ameamua. Neno "sina pingamizi" alikuwa nalo mdomoni, limetafunwa, tayari kutemwa. Na lingetoka, kama Bi Kidawa asingeona vema kumsaidia.

"Aseme tu jamani!" alipaza Bi Kidawa. "Sauti ile ni asali! Mimi nikitoka pale hata kabla ya dawa nimeshapona nusu!"

"Kweli!" wakaitikia wanaume, wengi mno kwa masikio ya Ntandu. "Asali tupu!" Wakapiga makofi.

"Sina pingamizi na mashine," alisema Ntandu. "Nina pingamizi na sauti."

Makofi yakakatika.

"Fafanua," alisema Bi Veridiana.

"Ibadilishwe. Iwekwe nyingine. Iwekwe hata yangu."

Kicheko kilipita, kifupi, kisicho na raha.

"Bwana Ntandu, sauti si kofia. Mashine ilimsikiliza mkeo msimu mzima akisuka, ikajifunza lini anyamaze na lini aulize. Tukianza upya, hili sanduku haliwezi kusubiri hapa. Linaondoka leo. Na wenye dawa za kusomwa damu watazifuata ng'ambo ya bonde, kwa namna mnayoijua wenyewe."

Ntandu alimwona Labani. Alikuwa ameegemea ukuta wa ghala nyuma ya watu wote, kitambaa mdomoni, shati bila pasi. Labani hakumsihi kwa macho. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mtu yeyote angenyamaza hapo. Ntandu alitaka kunyamaza. Lakini jambo lililokaa kifuani tangu siku ya tumbo la uongo lilikwisha kufika kooni, na koo lake halikuwahi kujifunza kurudisha kitu.

"Najua!" alisema, na kwa mara ya kwanza watu wa Mwando walimsikia anatetemeka. "Najua nani ataumia, msinihesabie! Lakini na mimi ni mtu. Mliniacha nibebe kitanda, nikabeba. Mkanipita kwenye sauti, nikameza. Mkamchukua mke wangu, nikacheka nanyi. Basi niliingia mule ndani. Ndiyo, niliingia, sikuwa naumwa chochote, nilikwenda kusikiliza! Nikakaribishwa. Nikaulizwa. Nikangojwa! Mtu aliyesema uongo juu ya tumbo lake alingojwa kama mwana wa mfalme. Nyumbani kwangu sauti ile sijawahi kuisikia. Asali mnaila nyinyi, kata nzima, bure. Mimi niliyeoa nalamba kifuniko. Nisiseme? Mama Asnati, simama uwaambie: upole ule uliutoa wapi, na mbona mimi hukunipa?"

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Kidawa alitazama vidole vyake.

Mwasiti alisimama. Hakupandisha sauti, na haikuwa lazima, kwa kuwa kila mtu pale alishazoea kuisikiliza.

"Sauti ni hiyo hiyo moja, Baba Asnati. Wenzako ikiwauliza wanaumwa wapi, wanaijibu. Wewe nakuuliza tangu tulipooana, na kila siku unaniuliza chakula kiko wapi."